Pesa ya Kariokor

Kila nikienda Machakos, susu huniuliza swali moja kabla hata sijaweka begi chini.

"Mume wangu, ile pesa umeifuatilia?"

Ananiita mume wake kwa sababu nilipewa jina la marehemu umau, na kwetu Ukambani mjukuu mwenye jina la babu ni mume wa bibi, kwa utani na kwa haki zote. Anaweza kunidai sukari, kunituma kisimani na kunigombeza kwa kukaa mjini kama mtu asiye na boma. Umau naye alikuwa amepewa jina la babu yake. Ndiyo kusema jina lililo kwenye kitambulisho changu limewahi kubebwa na watu wawili kabla yangu, na wa kwanza kati yao ndiye mwenye pesa.

Nitamwita Mzee, ingawa kwa hesabu ya nyumbani alipoondoka hakuwa amenizidi miaka mingi. Alikwenda vita vya Wajerumani, vile vya kwanza, akaacha mke na mtoto mchanga. Hakurudi. Aliyerudi ni mtu wa kijiji cha jirani, akasema Mzee alikufa kwa tumbo huko Kilwa. Mshahara wake haukuletwa na mtu yeyote. Hatuna picha, hatuna kaburi, hatuna cheti. Tuna jina na deni.

Mimi ndiye msomi wa familia, kwa maana ya kwamba nilifika chuo kikuu. Kwamba niliacha katika mwaka wa tatu kwa sababu ya karo ni habari ambayo susu aliisikia siku moja na kuisahau siku hiyohiyo. Kwake, mtu anayelipwa kwa kuandika lazima awe anazijua ofisi za serikali. Sijawahi kumwambia kwamba mimi mwenyewe kuna watu ninaowadai malipo ya makala tangu mwaka jana na hawashiki simu.

Mwaka huu nikaamua kumtafuta Mzee. Pesa nilijua haipo. Nilichotaka ni mahali. Nilikuwa nimesoma habari za Waingereza wanaofuatilia mababu zao wa vita: wanajua kikosi, wanajua namba ya askari, wanajua hadi ukumbi ambamo kikosi kilifanyia kwata jioni baada ya kazi. Wanaenda kusimama mlangoni, wanapiga picha. Ukumbi wenyewe siku hizi ni ghala au jumba la mazoezi ya mwili, lakini mlango upo na mtu anaweza kuugusa. Nikasema hata mimi nitautafuta uwanja wa kwata wa Mzee. Kama ulikuwa Nairobi, basi uko kwenye mji huu huu ninaoulipia kodi ya nyumba.

*

Nyumbani tulizoea kusema alikuwa askari. Wakamba na jeshi ni hadithi ndefu. Kufikia Vita vya Pili, Waingereza walikuwa wametushika kama kabila la askari, na kila ukoo una mtu aliyewahi kuvaa sare. Kwa hiyo nikaanza na Keya. Hivyo ndivyo mababu walivyolitamka jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka wa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vya Afrika Mashariki na ya Kati.

Ukiitafuta Keya Nairobi, miguu inakupeleka Kibra. Kuanzia 1904 askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi hilo walikaa pale na familia zao, na 1918 serikali ikaitangaza ardhi hiyo kuwa ya kijeshi, ekari 4,197. Ukisimama Kibra leo ukafikiria ekari hizo, kisha ukatazama zilizobaki, utaelewa kwa nini Wanubi wakizungumza habari za ardhi hawacheki.

Nilikwenda Jumapili mchana. Kijana mmoja akanipeleka kwa mzee wa Kinubi aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba yake, kofia ya kufuma kichwani. Nikamsalimia, nikaeleza ninachotafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mjukuu wangu," akasema, "huyo mzee wenu alikuwa na bunduki?"

"Nadhani."

"Usidhani. Ukoo ambao mtu wao alikuwa na bunduki hausahau. Wapigie nyumbani uulize."

Nikampigia susu palepale. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Susu, Mzee alikuwa na bunduki?"

"Bunduki ya nini?" akasema. "Alikuwa na blanketi."

Blanketi, na kibati cha chuma shingoni chenye namba. Hivyo ndivyo alivyosema yule mtu aliyerudi. Chifu alitoa majina, vijana wakachukuliwa, wakatembea mpaka Nairobi, wakapewa blanketi na kibati. Susu alikuwa anajua siku zote. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mzee wa Kibra aliposikia habari ya blanketi alitikisa kichwa. "Basi hapa sipo mahali pake. Huyo ni wa Kariakoo. Nenda Kariokor."

*

Nimepita Kariokor mara nyingi kiasi kwamba jina lilikuwa limekufa masikioni mwangu. Ni soko la vyondo na sandali za ngozi kando ya Ring Road, kati ya Ngara na Ziwani. Ni pale ambapo mtu akipokea mshahara huwapeleka marafiki wakale nyama choma. Jina niliona ni jina tu, kama Ngara, kama Pangani.

Kumbe ni Kiingereza kilichopita vinywani mwetu kikatoka kimevaa nguo zetu. Wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza waliandikishwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Hiyo "corps" husomwa "kor". Carrier Corps, Kariakor, Kariakoo. Kambi yao ya Nairobi, ambako waliotoka wilayani walipokelewa, kuhesabiwa na kugawiwa, ilikuwa hapo. Vita vilipokwisha kambi ikawa makazi ya Waafrika wa mjini, kisha soko, na jina likakataa kuondoka.

Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao, na asili ni hiyo hiyo. Waingereza waliuteka mji huo Septemba 1916 wakakuta jengo kubwa ambalo Wajerumani walilijenga kwa ajili ya sherehe za utawala wao. Wakawaweka wapagazi humo. Mwaka wa 1923 likageuzwa soko, na miaka ya 1970 likapisha soko la sasa lililochorwa na msanifu Beda Amuli. Kwa hiyo Dar walikuwa na ukumbi, ule ukumbi hasa niliokuwa nautamani, nao ukabomolewa kabla baba yangu hajaanza shule. Leo ukisema Kariakoo, watu wa huko wanafikiria nguo za jumla na mechi ya Simba na Yanga. Sioni ubaya. Lakini fikiria: mamilioni ya watu katika nchi mbili hutamka kila siku jina la kikosi cha watu waliokufa, na wachache sana wanajua wanatamka nini.

Nikagundua pia kosa langu la mwanzo. Nilikuwa natafuta uwanja wa kwata. Wapagazi hawakuandaliwa kwa kwata. Kwata ni ya mtu unayemfundisha jambo, na wao walichotakiwa kujua ni kunyanyua mzigo na kufuata mgongo wa aliye mbele.

*

Jumba la Nyaraka za Kitaifa ni lile la Moi Avenue, ambapo kila mtu Nairobi hukutana na mtu wake na hakuna anayeingia ndani. Niliingia. Nikajisajili, nikalipa ada, nikajaza fomu, nikaomba mafaili ya wilaya ya Machakos ya miaka ya vita.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vumbi. Sikuwa nimejiandaa kwa adabu ya ile lugha. Maofisa wa wilaya waliandika vizuri, kwa utulivu, na wanaume wanaotoka vijijini walikuwa wanaandikwa kama magunia yanavyoandikwa: wangapi wametakiwa, wangapi wamepelekwa, wangapi wamekataliwa na daktari. Nilisoma kutwa nzima nikitafuta jina langu mwenyewe. Majina yaliyokuwemo yalikuwa ya maofisa na ya machifu. Sisi wengine tulikuwa tarakimu.

Mambo yalikwenda hivi. Vita vilipoanza Agosti 1914, wengine walijiandikisha wenyewe kwa ujira wenye nafuu. Habari za vifo zilipofika vijijini, waliojitolea wakapungua. Mwaka wa 1915 ikapitishwa sheria iliyoruhusu wapagazi kuchukuliwa kwa nguvu. Mwaka wa 1917 jeshi la Waingereza lilikuwa limeingia ndani kabisa ya Tanganyika, likiwafuata Wajerumani wa Paul von Lettow-Vorbeck kusini, na likataka watu kwa wingi kuliko wakati wowote. Kazi ya kuwapata akapewa John Ainsworth. Watu wa Machakos walikuwa wanamjua, maana ndiye aliyekuwa mtawala wao pale miaka ya 1890, kabla Nairobi haijawa mji. Machifu wakapewa idadi, nao wakatoa majina. Unaweza kukisia majina ya nani yalitolewa kwanza: asiye na ng'ombe wa kuhonga, aliyekosana na chifu, kijana asiye na mtetezi. Mzee sijui alikuwa yupi kati ya hao. Susu anasema alikuwa na mdomo.

Kutoka nchi hii peke yake walichukuliwa zaidi ya watu 150,000. Ukijumlisha wote waliobebea Waingereza mizigo katika vita vya Afrika Mashariki, kutoka makoloni yote, hesabu inakaribia milioni moja.

Kwa nini wengi hivyo? Kwa sababu ya mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa anaoueneza mdudu huyo, na barabara za magari hazikuwepo. Risasi, dawa, mahema, unga wa askari, hadi viti vya maofisa, vyote vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Sasa piga hesabu. Mtu mmoja anabeba kama kilo 25. Akila kilo moja kwa siku, akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, anakuwa amekula karibu mzigo wake wote mwenyewe. Ili unga umfikie askari aliye mbali, unahitaji wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi. Ndiyo maana jeshi lilivyozidi kwenda kusini ndivyo chifu wa Machakos alivyoagizwa majina mapya.

Na ndiyo maana walikufa kwa tumbo. Hilo neno la yule mtu aliyerudi lilikuwa sahihi kuliko ripoti nyingi. Walipewa mahindi na unga usiopikwa ukaiva, kwa sababu mtu aliyefika kambini usiku, mvua inanyesha na kuni zimelowa, hana saa mbili za kuchemsha chungu. Wengi hawakuwa wamezoea chakula hicho. Wakaharisha damu. Waliotoka maeneo ya baridi wakakutana na malaria ya pwani wakiwa na blanketi moja. Nimonia ikachukua wengine, na mwishoni mwa 1918 homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ikamalizia. Risasi iliua wapagazi wachache kuliko chungu. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa ni karibu 100,000.

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi, Zambia. Alirudi kwao akapokewa kama shujaa.

*

Sasa pesa. Susu hakukosea.

Mpagazi aliyechukuliwa kwa nguvu aliandikiwa karibu rupia 5 kwa mwezi. Hiyo ndiyo ilikuwa fedha ya hapa wakati huo. Askari wa Keya alilipwa mara kadhaa ya hiyo. Mshahara ulitakiwa kulipwa mwisho wa kazi, na mtu akifa ulitakiwa kwenda kwa warithi wake. Lakini kumpata mrithi unahitaji jina lililoandikwa sawasawa, jina la baba yake, la chifu wake, la kijiji chake. Makarani waliandika majina ya watu wa lugha ambazo hawakuzijua, mbiombio, foleni ikiwa ndefu. Jina la Kikamba likiandikwa na mtu asiyelijua hugeuka jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Vibati vikapotea, watu wakabadilishana blanketi na namba, mtu akafa hospitali ambayo haina taarifa zake. Pesa za maelfu ya wafu zikabaki zinaitwa "zisizodaiwa".

Hilo neno nililisoma nikalirudia. Zisizodaiwa. Kwetu zimedaiwa miaka mia moja na zaidi, kila jioni jikoni.

Kamanda wa wapagazi, Oscar Watkins, hakunyamaza. Kwa miaka mingi baada ya vita aliendelea kusema kwamba pesa hizo ni za watu na lazima zirudi, kama si kwa warithi basi kwa maendeleo ya Waafrika. London haikukubali. Rupia yenyewe ikafutwa 1920, ikaja florini, halafu shilingi 1921. Hata fedha aliyoahidiwa Mzee imekufa.

Na usiseme kwamba serikali hiyo haikujua kuandika majina. Mwaka huohuo wa 1915 ilipitishwa sheria ya kusajili wanaume Waafrika. Ilianza kutekelezwa vita vilipokwisha, 1919 na 1920, nayo ikatuletea kipande: cheti chenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Waliokuwa hai wa kufanyishwa kazi waliandikwa mpaka vidole. Waliokufa walishindikana.

*

Kutoka Nyaraka mpaka Kenyatta Avenue ni mwendo wa dakika chache. Nilikwenda kuangalia zile sanamu tatu za shaba katikati ya barabara. Kama unaishi Nairobi umeziona. Labda umewahi kusubiri mtu karibu nazo ukiangalia simu. Zilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson na kuzinduliwa 1928, na mmoja wa wale watu watatu ni mpagazi.

Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanasema wapagazi ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanamalizia kwa ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Maneno hayo huhusishwa na Rudyard Kipling. Kipling alimpoteza mwanawe wa pekee, John, katika vita vya Loos huko Ufaransa mwaka wa 1915, na hakuwahi kuupata mwili wake. Alikuwa mmoja wa watu wa tume ya Waingereza ya makaburi ya vita, ambayo kanuni yake kuu ilikuwa kwamba kila aliyekufa atapata jina lake kwenye jiwe, bila kujali cheo, dini wala rangi.

Huku kwetu kanuni ikasimama njiani. Maofisa walidai kwamba Waafrika hawangeelewa maana ya mawe ya makaburi. Badala ya majina, tukapewa sanamu. Aprili 2021, warithi wa tume hiyo walitoa ripoti na kuomba radhi. Walisema watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Nilisimama pale nikayasoma ya Kiswahili mara mbili. Mwanamume anayeuza kandambili na chaja alinisogelea.

"Boss, unachunguza nini?"

"Nasoma hapa. Hawa walikuwa kina nani?"

"Hao ni wazungu," akasema bila kuwaangalia. Halafu akawaangalia. "Zii. Hao ni sisi."

Sanamu imeahidi jina, na haina jina hata moja. Nilitaka kukasirika sawasawa, lakini nilikuwa nafikiria kitu kingine. Mke wa Mzee hakuwahi kuyaona maandishi haya, wala hakujua kusoma. Alimlea mtoto wake peke yake, mtoto akakua, akaoa, akapata mwana wa kwanza, akampa jina la baba ambaye hamkumbuki uso. Huyo ndiye umau. Miaka mingi baadaye baba yangu akalileta jina kwangu. Ahadi ya Kenyatta Avenue imetimizwa na watu ambao hawakuahidi mtu chochote.

*

Mwisho nikaenda Kariokor, safari hii kwa makusudi.

Niliingia upande wa viatu. Harufu ni ya ngozi na gundi, na sauti ni ya nyundo, nyundo nyingi ndogo zisizopatana. Nilizunguka nikitafuta kitu cha zamani: ukuta, jiwe la msingi, mlango. Nikamuuliza kijana anayeshona shanga kwenye sandali kama anajua kwa nini panaitwa Kariokor.

"Buda, unanunua ama unauliza?"

"Vyote."

"Kwanza nunua."

Nikanunua. Akaniambia hajui, ila amuulize mathe wa vyondo, yeye amekaa hapa tangu enzi. Mama huyo alikuwa anaingiza mkanda wa ngozi kwenye kiondo, miwani imeshuka puani. Kwa matamshi nikajua ni wa kwetu, nikamsalimia kwa Kikamba. Akaniita mwanangu, akanisogezea kijiti cha kukalia.

"Hapa palikuwa kambi," akasema. "Wazee wa zamani walikuwa wanasema kuna watu waliletwa hapa wakafungiwa, wakapelekwa vitani. Sisi tulikuta soko."

"Kuna chochote kilichobaki?"

Akawaza, mikono haijasimama. "Kubeba," akasema. Akaonyesha kwa kidevu. Kijana alikuwa anapita na furushi la ngozi begani, limempinda shingo, anapiga mluzi watu wampishe. Mama akacheka, nami nikacheka, lakini nilimwangalia yule kijana mpaka akapotea.

Sikupata mlango wa kupiga picha. Nilikaa kwenye kijiti kile kama saa moja. Nilijaribu kumwona Mzee hapo, siku yake ya kwanza, kwenye foleni, karani akimuuliza jina. Analitamka, karani anaandika kitu kingine. Analitamka tena. Karani ameshaita wa nyuma yake.

*

Wiki iliyofuata nilikwenda Machakos na sandali mpya miguuni na nusu kilo ya majani ya chai. Susu alikuwa anachambua maharagwe. Aliuliza swali lake. Safari hii nilikuwa na jibu, na nililiogopa, kwa sababu ndani yake nilikuwa namvua Mzee sare ambayo sisi wajukuu tulikuwa tumemvika.

Nikamwambia yote. Kwamba hakuwa askari, alikuwa mpagazi. Kwamba majina hayapo. Kwamba pesa zilibaki London na London ilikataa.

"Mpagazi," akasema. "Sasa huyo askari angekula nini?"

Akaendelea kuchambua. Baadaye akauliza, "Na hapo mahali, siku hizi pana nini?"

"Soko. Wanauza sandali. Na vyondo."

Mkono ukasimama. "Vyondo vya wapi?"

"Vya huku kwetu vingi."

Akanitazama kwa muda. Susu amesuka vyondo tangu akiwa msichana. Kulikuwa na mtu aliyepita kila mwezi kuvichukua kwa bei anayoitaka yeye, akisema anavipeleka Nairobi kwenye soko moja karibu na mto. Wakati mwingine alichukua na kusema atalipa akirudi.

"Hilo soko ndilo hilo?"

"Nadhani ndilo hilo, susu."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi hata mimi Kariokor ina pesa yangu!"

Alipotulia alifuta macho na ncha ya leso. "Mume wangu, hiyo ya Mzee ilikuwa ngapi?"

Nikamwambia rupia 5 kwa mwezi. Akauliza miezi. Kwa hadithi ya nyumbani, alichukuliwa mahindi yakiwa machanga na habari za kifo chake zilifika mavuno ya mwaka uliofuata yakikaribia. Tukakata huku na huku kama watu wanaonunua mbuzi, tukakubaliana miezi minane, kwa kuwahurumia Waingereza.

"Rupia 40," nikasema.

"Iandike."

"Wapi?"

"Si wewe ndiye mwandishi?"

Rupia 40, susu. Nimeiandika.